Kiini cha Jasi

Msumeno wetu haukuwa na meno.
Ulikuwa kamba ya katani, mchanga wa mto,
na mikono ya baba yangu, Ahkul,
ikienda, ikirudi,
hadi mwezi ukafa na kuzaliwa mara tatu
ndipo jiwe la kijani likakubali
kuingilika, upana wa ukucha.

Mimi nilikuwa mtu wa maji.
"Dondosha, usimwage," aliniambia.
Sikumbuki wosia mwingine.

Jasi moja kwa kila ndewe ya mtawala,
pana kama kifuniko cha chungu,
jembamba ukingoni, mwanga ukipenya
kama kwenye jani changa la mhindi.
Husemwa sikio halipiti kichwa.
Aliyesema hakumwona bwana wetu
siku aliyokalia mkeka wa enzi:
manyoya ya ketzali yakipepea,
ndewe zimevutwa karibu na mabega,
shingo kavu, hageuki kushoto wala kulia.
Umati ukanong'ona: tazama utulivu wake!
Baba akaguna: uzito huo.

Keekee yetu, mfupa wa ndege wenye uwazi ndani,
ilipotoboa jasi katikati
ilibakiza kiini, kijiti cha jiwe
kifupi kama kiungo cha kidole.
Sihom, mtunza hazina, alikuja jioni.
Alihesabu majasi, akahesabu na viini,
akakung'uta mkeka tuliokalia,
kisha akaniambia nipanue kinywa.
Nilikuwa na miaka minane. Nilipanua.

Mvua za pili, kifua cha baba
kikaanza kusaga chenyewe, usiku,
bila kamba, bila mchanga.

Mkubwa akifa hutiwa ushanga wa kijani kinywani
pumzi ipate pa kulala.
Baba tulimwekea punje ya hindi,
kama jirani, kama wote wa upande wetu wa bonde.
Lakini mama alipomwosha vidole,
akichokoa chini ya kucha kwa mwiba,
maji ya kibuyuni yakageuka rangi:
kijani hafifu, kama ukungu juu ya bwawa.
Mama alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.
Akanipa kibuyu, akaufunua mdomo wa baba.

"Dondosha," akasema,
"usimwage."

Kesho yake Sihom alileta jiwe jingine.
Hakutoa pole. Aliitazama mikono yangu,
akaipindua, kwanza huu, halafu huu,
akaacha kamba mpya mlangoni.