Imeshuka Kidogo

Narudi saa mbili asubuhi, soksi zimelowa,
kutoka wodi ya wazazi, Huddersfield, zamu ya usiku.
Nafunga pazia. Nalala. Ndipo upande wa pili wa ukuta
Philippa Garside huanza: pumzi tupu, shaba ikipashwa moto,
kama mtu anayepuliza chai asiyokusudia kuinywa.

Kisha noti moja. Ndefu.
Ile ile, dakika ishirini.

Mwezi wa kwanza nilimgongea mlango kwa hasira,
kanga juu ya koti, theluji hadi vifundoni.
Kabla sijafungua kinywa akaniuliza:
ilikuwa imepanda, au imeshuka?
Sikujua anauliza noti au theluji.
Imeshuka, nikasema, imeshuka kidogo,
kwa Kiswahili, maana usingizi hauna Kiingereza,
nikaonyesha chini kwa kidole.
Nilijua! akasema, akanifungia mlango.

Ndivyo nilivyoajiriwa, bila mshahara.

Baba yake alipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda cha sufu.
Kiwanda kilifungwa; bendi ikabaki,
mkia wa mjusi unaoendelea kucheza.
Yeye akaenda London, miaka tisa nyuma ya okestra
akihesabu kimya: vipimo mia na arobaini,
noti nne, kisha kimya tena.
Walipompa nafasi ya mbele, peke yake, taa zote usoni,
walitaka kipande kile kile cha bwana aliyekufa zamani,
Bristol kile kile, Toronto kile kile,
hata vidole vikawa vinakipiga huku yeye anawaza bei ya viazi.

Siku moja akakataa.

Akaanza kuwaandikia walio hai. Barua, kwa mkono:
Nitungie. Dakika kumi. Fedha sina nyingi, pumzi ninayo.
Kijana wa Swansea, Iolo Prosser, akamtungia kipande
kinachopigwa koo la tarumbeta likiwa ndani ya ndoo ya maji.
Bi Muriel Haigh, miaka sabini na minane, mstaafu wa posta,
akamtungia kingine, cha kwanza maishani mwake,
kigumu hata Philippa akakitupa sakafuni mara mbili,
mara ya tatu akakiokota akicheka.
Vipande sitini na vitatu. Alivilipia kwa kufundisha watoto Alhamisi.
Vingi vilipigwa mara moja tu.

Nilikwenda kusikiliza kimoja, katika kanisa lililogeuzwa ukumbi.
Tulikuwa watu thelathini na mmoja, pamoja na mwenye funguo.
Sita walitoka. Mmoja alikoroma;
huyo alikuwa mimi, nilikuwa nimetoka zamu.
Lakini karibu na mwisho niliamshwa
na sauti nyembamba ambayo haikuwapo duniani jana yake,
na nilijua namna ya kukaa mbele yake: kimya, mikono tayari.

Baadaye akaniambia, sisi wawili tuna kazi moja.
Nikamwambia hapana, dada. Wangu hulia wenyewe.

Mwaka huu mdomo umemkataa. Msuli una siku zake.
Asubuhi sasa ni kimya, na mimi silali.

Jumapili aliniita nimsaidie kupanga karatasi kwenye maboksi
yatakayokwenda chuoni, ghorofa ya chini, penye baridi.
Nikafungua kipande cha Bi Muriel. Ukurasa wa nne, juu ya noti ndefu,
kwa penseli, kwa mwandiko wake ulioinama:
imeshuka.
Na ukurasa wa tano.
Na wa tisa, na mistari miwili chini yake.

Sikusema kitu. Nilibana boksi kwa gundi.
Siku moja mtu atalifungua, atawasha taa,
atalitafuta neno hilo kwenye kamusi za wanamuziki,
kwenye Kiitaliano, kwenye Kijerumani, asilione,
kisha, labda kwa kubahatisha,
atainua kidogo.