Kadi ya Mama

Mimi Kalunde, mkunga mstaafu wa Kitete,
nimekuja na bahasha ya kaki kwapani
na ndani yake nyumba.
Ndiyo, nyumba: ile ya Isevya, vyumba sita vya kupangisha,
kisima, stoo, na mizinga kumi na minne porini Sikonge
ambayo nyuki wake hawajui kuwa wameandikishwa.

Mwanasheria ameiita amana.
Amana hai, kasema, na inatengulika:
leo naifunga, kesho nikiamka na kinyongo naifungua,
kama kitenge.
Mtoaji: mimi. Mtunzaji: mimi.
Mlaji, maadamu napumua: mimi.
Nikacheka mpaka karani wake akainua uso.
Miaka thelathini na moja nimepanga zamu za wodi,
sijawahi kujipangia tatu kwa mpigo.

Dirishani, kijana wa mapato, beji yake inasema Lugendo,
anatazama karatasi, anatazama kompyuta.
"Mama, hii amana ina namba yake ya mlipakodi?"
Nikampa yangu.
"Hii ya kwako. Nauliza ya amana."
Nikampa yangu tena.
Nyuma yangu mtu wa tumbaku kutoka Urambo
akakohoa kikohozi cha mwenye haraka.

Sikiliza, mwanangu.
Mjamzito akija kliniki anapewa kadi moja.
Uzito wa mama humo, presha humo,
mapigo ya moyo wa mtoto nayo humo humo,
kalamu ileile.
Aliye tumboni haandikiwi kadi.
Anakula kwa mdomo wa mama,
na akidaiwa, anadaiwa mama.
Kodi ya vyumba sita inaingia mkononi mwangu,
naila mimi, naitolea hesabu mimi.
Sasa wewe unataka kadi ya nani?

Akaenda kumuuliza mkubwa wake.
Feni ikabaki inatafuna hewa ileile.
Nikahesabu namba nilizonazo:
ya kitambulisho, ya pensheni, ya bima,
ya mita ya umeme, ya simu ninayoisahau,
na moja ya chaki, mia nne kumi na tisa,
iliyoandikwa kwenye jeneza la Msabila
treni ilipomrudisha kutoka Mpanda,
asije akachanganywa na mizigo.
Hiyo tu naijua bila kusoma.

Mhoja, mwanangu wa kwanza, aliposikia habari za amana
alikaa wiki mbili bila salamu.
Kisha mtu akamfafanulia lile neno, inatengulika.
Tangu hapo kila Ijumaa kilo mbili za sukari,
na "Shikamoo Mama" ndefu, ya kuanzia getini.
Sijamwambia kama yumo au hayumo.
Chai nakunywa.

Kijana akarudi.
"Mkubwa anasema kwa sasa tumia ya kwako.
Ila siku ile, Mama, siku ile ikifika..."
akameza mate.
Nitakapokufa, nikamsaidia. Sema tu.
"Basi siku hiyo haitatengulika tena.
Mtunzaji atakayefuata aje aiombee namba yake."

Vitovu nilivyokata sikuviwekea hesabu,
lakini hiki sitakikata mimi.
Atakikata Nyanzala, mjukuu, wa pili kwenye hati,
anayefumba macho hata kuku akichinjwa.
Atasimama hapa na cheti changu cha kifo,
aambiwe jaza: jina, anwani,
tarehe ya kuanza.
Tarehe ya kuanza!

Nikamwachia yule wa Urambo dirisha.
Nje, jua la saa saba lilikuwa limelala barabarani
kama mgonjwa aliyekosa kitanda.
Nikasimama kivulini mwa ukuta,
nikaigusa bahasha kwa vidole viwili,
kwa mazoea tu,
nikasikiliza kama inacheza.