Hodi ya Tatu

Oulu, saa tisa mchana, giza limeshaingia.
Hilkka anachomeka waya nyuma ya kipimamawimbi,
anaandika anwani: namba nne, nukta tatu.
Hodi.
Kitaa cha kijani kinawakawaka tu,
kama mwenye nyumba anayechungulia pazia asifungue.

Hodi tena. Kinadai nywila.
Tauno aliyeiweka kastaafu, simu hashiki,
anapasua kuni huko Kuusamo.
Hilkka anakiinua chombo, anasoma tumboni mwake:
kikaratasi cha gundi, wino umepauka,
jina la mbwa, mwaka aliokufa.

Kwetu hodi ni tatu, kisha unaondoka.
Anabonyeza.

Folda inafunguka: mafaili mia nne na ushee,
na la mwisho, la siku aliyoaga kazi,
kalipa jina:
*hili-limenishinda-usifute.*

Hilkka anavuta kiti.