Nusu Saa ya Maji

Kule chini kizuizini askari alitazama matairi kabla ya kututazama sisi:
gari lisilovuta kwa magurudumu manne halipandi Jebel Akhdar.
Langu linapanda. Funga mkanda, mgeni wangu.
Masikio yataziba kwenye kona ya saba. Meza mate, yatazibuka.

Usipige picha bado.
Kila mtu hupiga hapa, penye ukingo wa chuma,
na picha hutoka ile ile: kijivu juu ya kijivu, na kidole cha mtu.
Tushuke kwanza Mighdar,
bonde nalo likutazame.

Haya, nifuate. Ukuta wa falaji una upana wa viatu viwili.
Kushoto matuta, moja juu ya jingine,
kama vitabu alivyovipanga mtu asiyejua kusoma
lakini anaviheshimu.
Ile mikomamanga. Ule mlozi.
Na mti ule mkubwa ni wa jozi; waliurithi tawi kwa tawi
mpaka binti wa mwisho akapewa kivuli.

Mawaridi huchumwa jua halijayaona.
Bi Shinuna huyapika kwa kuni, katika tanuri la udongo,
na maji yake yana harufu ya moshi. Wageni hukunja pua,
wakanunua yale meupe ya kiwandani.
Wewe nunua haya. Siku ya tatu utayatafuta.

Nyumba hizi hazina watu.
Milango imekwenda Maskati, imekuwa meza za hoteli.
Inama, boriti iko chini.
Hapa aliletwa mama kutoka Tabora, ana miaka kumi na tisa,
na mvua ya mawe ilipomwagika uani
alitoka na ungo kuiokota.
Kiswahili changu ni cha jikoni kwake:
najua kupepeta, kuchochea, kukaripia.
Maneno ya serikali sinayo.

Sasa simama. Hiki ndicho wengi hukiruka.
Fimbo ya chuma, na mawe yamepangwa ardhini.
Kivuli kikigusa jiwe, maji hubadili mwenyewe:
mtu huzibua kwa jembe huku, mwenzake huziba kwa matambara kule,
hakuna kelele, hakuna karani.
Usiku walihesabu kwa nyota. Siku hizi wana simu,
lakini bado husema, "nyota yangu imetoka."

Unauliza zamu yetu ni ipi.

Kutoka jiwe la sita mpaka la saba.
Nusu saa, kila siku ya nane.
Babu alimwachia baba, baba akaniachia mimi,
mimi nikamuuzia Muhanna bin Sulayyim
mwaka ule mikomamanga ilipokauka ncha.
Tangu Birkat al-Mauz umeyakalia maji hayo:
kiti cha mbele, ngozi bandia, kiyoyozi kizuri.

Mama hakupaza sauti.
Alisema, maji yakimwagika hayazoleki.
Nikasema, sikuyamwaga mama, nimeyauza.
Akasema, heri ungeyamwaga,
mti ungekunywa.

Basi nawaleta watu.
Wajerumani, Wahindi, bwana mmoja wa Kuwait aliyeogopa mbuzi.
Nawaonyesha bonde, wananipa nyota tano
ambazo haziongozi maji popote.

Leo ni siku ya nane. Ndiyo maana nilikuharakisha asubuhi,
ukaiacha chai yako nusu.
Vua viatu. Tia miguu.
Wale samaki wadogo hawaumi, wanapapasa tu,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Kivuli kimefika la sita.
Sikia mlio ulivyobadilika: wamezibua.
Yanakwenda kwa Muhanna, kwenye miti ya babu yangu,
na sheria ya falaji, nimeiuliza,
haikatazi miguu.

Kaa. Usiseme kitu mpaka la saba.

Halafu piga picha ukitaka.
Mimi usinitie.