Hakuna Joka Leo

Zimmerman, ghorofa ya tano. Maji hayajapanda tangu Jumanne.
Mwikali, mwendesha mchezo, anasema:
leo hakuna joka. Mlishaliua. Leo ni siku tu.

Tunatazamana.
Upanga wa Otundo, wenye alama kumi na nane za makali,
uko nyuma ya mlango, umetundikiwa kapu la vitunguu.

Basi tunaicheza siku.
Gakenia, mchawi aliyewahi kuzima volkeno,
anarusha dadu kujua kama unga utatosha.
Inatua tatu.
Anaenda kukopa kwa jirani, na jirani
(Mwikali, kwa sauti ya puani)
anataka kwanza aulizwe habari za mguu wake.
Tunacheka hadi wa chini anagonga dari.

Kisha Otundo, ambaye hasemi mengi:
shujaa wangu anakwenda kwa mamake. Kuosha vyombo.
— Mnaongea nini?
— Hatuongei. Mimi naosha, yeye anasuza.

Dadu imo kiganjani mwake. Haitupi.
Mwikali hamdai.
Sote tulikuwa Lang'ata mwezi wa tatu,
tukipokezana koleo.

Jikoni bomba linakohoa,
linatema kutu,
halafu maji.
Hakuna anayeinuka kulifunga.