Sababu ya Likizo

Kwenye fomu, penye "mahali utakapokuwa",
Bi Tunu wa masijala ameandika Unguja,
mhasibu ameandika Arusha, na familia.
Mimi nimeandika Kiboriani.
Penye simu nimepiga mstari, maana kule mlimani
mtandao uko juu ya jiwe moja tu,
na jiwe lenyewe huketiwa na mbuzi wa jirani.
Penye sababu nimeandika: mapumziko.

Si kweli. Naenda kumvua kondoo dume nguo.

Mwezi wa saba. Dodoma upepo umeota meno,
walinzi wa Mtumba wamevalia mitumba,
makoti ya nchi za theluji, vifungo havilingani.
Ukishapita Mpwapwa, ukianza kupanda,
baridi inakulaki kama mdai wa zamani:
haina haraka, inajua kwenu.

Mama yangu, Sechelela, ameshahesabu.
Kalenda yake ni vifundo vya mkono wa kushoto,
vimevimba, lakini havijakosea:
wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja,
na kidole gumba ni mvua.
"Akipanda sasa, wana wataanguka penye majani.
Akipanda mwezi wa tatu, mwana atanyonya vumbi."

Dume tunamwita Mkaguzi,
kwa namna anavyopita nyuma ya kila mmoja
akinusa, akiinua mdomo juu, akitafakari.
Mwaka mzima amefungwa kibwebwe cha ngozi chini ya tumbo,
akapanda, akashuka, akapata hasara tupu.
Tumegawana mwaka, mimi na yeye:
miezi kumi na mmoja ni yangu ya kazi,
huu mmoja ni wake.

Fundo lilikuwa la baba.
Alilifunga kwa namna yake, mkia wa kamba ukirudi ndani,
hakumfundisha mtu, wala hakuna aliyeuliza.
Tulimzika mwaka juzi, mwezi wa sita.
Wageni walikaa, wakaondoka, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe,
na Mkaguzi akaendelea kuzunguka na kibwebwe chake.
Hakuna aliyekumbuka.
Desemba mvua ikaja kwa wakati, ikaja nzuri,
majani yakafika magotini,
na zizi likawa kimya.
Mama alisimama langoni na kibuyu kikavu.
Hakulia msibani; alilia pale.

Ndiyo maana Julai ni yangu sasa,
hata wakinipa tiketi ya ndege.

Chidawali, kijana wa machungo, anamshika pembe.
Mimi napiga magoti kwenye samadi yenye umande.
Vidole vimekufa ganzi. Navipulizia.
Kisu kipo mfukoni na hakitatoka;
mwaka jana nilikaa nusu saa, leo nimehesabu pumzi arobaini
kabla mkia wa kamba haujajitokeza, mwekundu kwa uchakavu,
kama umeitwa jina.

Tunampaka kifuani udongo mwekundu na mafuta ya mkia.
Halafu tunaenda zetu ndani kwenye moto,
kwa sababu Mama anasema si adabu kutazama.

Asubuhi ukungu umelala juu ya paa la tembe.
Tunahesabu viuno vyekundu: saba. Kesho yake kumi na viwili.
Yule mpara, mzee, ambaye tulimkatia tamaa,
naye ana alama, pana, ya fujo.
Mama anacheka blanketi likiwa mdomoni.

Bi Tunu amerudi mweusi wa jua, ana picha mia mbili.
"Na wewe? Ulipumzika?"
Natazama kucha zangu. Sabuni imeshindwa.

Desemba nitaomba siku nne tena.
Penye sababu nitaandika: uzazi.
Afisa utumishi atanitazama tumbo,
atazunguka meza ili atazame vizuri,
na mimi nitamwacha akague.