Daftari na Sufuria

Usiku wa kuamkia mgao, hesabu zilijifunga.
Kiooni, maandishi mekundu: muda wako umekwisha.
Wanawake kumi na wawili, kofia mia tatu na nne,
nani kashona ngapi, nani kakopa nini,
vyote ndani, na mimi mweka hazina nje,
nabisha mlango kama mdeni.

Nikampigia Shekuwe, mwana wa mama yangu mdogo,
aliyeiunda programu ile chumbani Mkomani
miaka minne, feni mbovu, macho yakimwasha.
"Lipia mwaka, dada, itafunguka."
Nikamwambia hesabu ni zetu.
"Zenu, ndiyo. Sanduku ni langu."

Asubuhi Lali akaja na kompyuta iliyofungwa kwa plasta,
Lali wa Langoni, anayefundisha watoto baada ya alasiri
na hajawahi kumpelekea mtu bili.
"Shangazi, ndoo uone."
Akafunua programu nyingine, mistari yake yote hadharani:
isome, ibadili, mpe jirani, hapana wa kukuuliza.
"Usichoweza kukifungua si chako," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyekariri.
Mimi sikuelewa hata mstari mmoja.
Ila naijua raha ya kuigeuza kofia
nikaona nyuma, uzi ulikofichwa fundo.

Wakakutana dakani kwangu, kahawa katikati.
"Vya bure!" Shekuwe akacheka.
"Sikusema bure. Nimesema huru."
"Huru hailipi karo. Ikiharibika saa nane za usiku
utamwamsha nani? Huyo Huru ana namba ya simu?"
"Na zana ulizoiundia, ulizinunua wapi?
Si uliziokota kwa watu walioacha mlango wazi?
Ukaingia, ukala, ukatoka na kufuli."
Hapo Shekuwe akanyamaza, akapuliza kikombe
kilichokwisha kupoa.

Kisha akanigeukia mimi.
"Tumuulize huyu. Halua yake."

Ewe Shekuwe.
Miaka ishirini naulizwa natia nini,
miaka ishirini najibu: mkono.
Mama alinifundisha mlango umekomewa.
Wifi yangu Mwanakheri aliomba, akaomba,
akafa hajaambiwa, nami nikapeleka sinia matangani
na watu wakasifu.
Lali ananitazama, anangoja niseme ni tofauti.
Nikaitafuta tofauti.
Nikawaongezea kahawa.

Tulilipa mwezi mmoja, kwa fedha za halua;
wanawake wakapata haki yao, senti kwa senti.
Hesabu sasa ziko kwa Lali. Zikikwama
huja kesho yake, akitweta, akiomba radhi.
Shekuwe hapiti tena mtaani kwetu.
Nasikia mwanawe amerudishwa nyumbani kwa karo.

Alhamisi Swabra, mke wa mwanangu, aliomba kusimama nami
sufuria ikitokota. Sikukomea mlango.
Nilimwonyesha wanga, sukari, samli, moto wa kiasi,
namna ya kuvuta mwiko mpaka bega liseme.
Akaandika yote kwenye simu yake.

Kile cha mwisho nilikitia
alipogeuka kumtuliza mtoto.